Malaika wa Itsandra na Malaika wa Mutsamudu

Zainaba alikuja Mombasa kutibiwa macho, akafikia kwangu, na jioni ya kwanza tulikula kama watu wasiojuana: kila mmoja anamsukumia mwenzake kipande kizuri cha samaki, mpaka kikapoa katikati ya sinia. Nilikichukua mwenyewe. Mimi ni mchuuzi, sivumilii kuona kitu kizuri hakina mwenyewe. Akacheka, na hicho kicheko ndicho nilichokitambua, kwa sababu uso wake ulikuwa umezeeka bila kunishauri. "Kitanda bado kipo," akasema. Sikumuuliza kitanda gani. Mumewe, yule sajenti, aliondoka siku ambazo askari wazungu waliondolewa visiwani, na begi moja la kijani begani; kitanda hakikuingia begini, kikabaki. Nje muuza maji alikuwa anagombana na mtu juu ya mtungi, nami nikajikuta nimerudi kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko la mama yake, Moroni, kisiwani Ngazija, mwaka ambao nilitaka jambo moja tu katika dunia nzima na nilidhani ni jambo dogo.

Watu wakisikia nilikuwa Moroni mwaka walipoingia wazungu wenye silaha, huniuliza habari za bunduki. Bunduki niliziona, naam. Nilizoea pia sare zao nyeusi, na gari lao lilipopita sokoni sisi wachuuzi tulishusha sauti, kisha likishapita tukapandisha bei kufidia. Lakini ninachokikumbuka mimi ni ngozi za papa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeletwa kutoka Majunga, sisi tulionusurika mauaji ya kule, na mjini walitupachika jina la ndege iliyotuleta, kana kwamba tulizaliwa na rubani. Mwingine alifupisha, akaniita Mbushi, yaani mtu wa Madagaska. Huko Madagaska tulifukuzwa kwa kuwa Wangazija. Nilizipima hesabu hizo mbili mara mbili, kama ninavyopima kila kitu, na kila mara zilinipa jibu lile lile: hakuna upande unaonidai.

Bweni Echati, mama yake Zainaba, alinipa chumba kwa kunihurumia. Bweni ndiyo heshima ya kumwita mwanamke mwenye nyumba yake, na pale Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamume huingia akiwa bwana harusi. Mwanamke asiye na nyumba ya mama ni kama kikombe kisicho na kisahani, kinatumika lakini hakiwekwi mezani. Chumba changu kilikuwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, na kidirisha kilichotazama birika la maji ya mvua. Nililijua birika lile kuliko binadamu yeyote. Asubuhi niliwasikia wanawake wa nyumba wakiteka maji na kucheka, na nilipotoka na ndoo yangu kicheko kilikuwa hakikomi, la, walikuwa na adabu. Kilipungua tu, kama moto unaopunguziwa kuni. Nilikula chumbani, ndizi mbichi za nazi, sahani juu ya magoti. Jioni moja Bweni alisimama mlangoni akaniambia, "Nuriati, binti yangu anaolewa. Nisaidie tuipitishe harusi hii. Ikipita salama, hutakuwa mpangaji tena. Utakuwa mtu wa nyumba hii." Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijawahi kukubali bei ya kwanza. Ile niliikubali.

Kazi yangu ilikuwa papa mkavu. Nilinunua Itsandra, nikatia chumvi, nikauza Moroni, na mara kwa mara nikapanda meli ya mizigo hadi Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Ndzuwani, ambako walikipenda kitu chochote kilichokaushwa na mtu mwingine. Miongoni mwa papa wale alikuwamo mmoja wa ajabu, anayenaswa kwa nadra kwenye mishipi ya maji marefu. Usipomjua utasema ni samaki taa aliyekanyagwa. Amelala bapa, mapezi ya mbele yamepanuka kama mabawa, mdomo uko mbele kabisa ya uso, na macho yako juu, yanakutazama kama mtu uliyemwamsha bila sababu. Wafaransa humwita malaika wa bahari. Wavuvi wa Itsandra walimwita kwa maneno ambayo siyaandiki, kwa sababu ngozi yake inachuna vidole vya anayemchuna. Hapo ndipo nilipoona mlango.

"Kaambi," nilimwambia mvuvi mmoja mwenye domo, "nyama kaa nayo. Mimi nipe ngozi."

"Wee Mbushi! Huko kwenu mnakula viatu?"

"Viatu tunavaa. Wewe hata kuvaa hujaanza."

Wenzake wakamcheka miguu yake mitupu, naye kwa hasira akanitupia ngozi mbili. Nikamwambia nitamchunia papa wote wa aina ile, yeye auze mnofu safi na vidole vyake vizima. Tuliagana kila mmoja akiamini amemlalia mwenzake, na biashara ya namna hiyo ndiyo hudumu.

Ngozi nilitaka kumpelekea Fundi Madi wa Mutsamudu, seremala wa milango ya nakshi, vitanda na marufaa ya kusomea msahafu. Karakana yake ilikuwa karibu na mto, na kwangu mimi niliyetoka Moroni, mji usio na mto hata wa kusingizia, sauti ya maji yasiyokoma ilikuwa anasa. Msasa wa dukani aliudharau. Alisema unakwangua kama mtu mwenye haraka ya kuondoka. Yeye alisugua mbao kwa ngozi ya malaika, iliyokaushwa ikawambwa juu ya kibao. Nilipomfikishia furushi la kwanza alipapasa ngozi moja, akaipeleka shavuni, akatikisa kichwa. "Hii ni ya Itsandra."

"Malaika ni malaika, Fundi."

"Ni ndugu. Si mtu mmoja."

Mimi nikiambiwa vitu viwili vinavyofanana vina bei tofauti, sitoki hapo bila ushahidi. Nilikuwa nimebeba papa mmoja wa Itsandra niliyemkausha mzima kwa chumvi. Nikaenda pwani nikambembeleza mvuvi wa Mutsamudu anipe malaika wake aliyetoka majini asubuhi ile, nikawalaza wote wawili ubavu kwa ubavu juu ya ubao mbele ya karakana. Vijana wakakusanyika. "Njooni muone, Mbushi anaozesha papa!" "Bwana harusi yupi?" "Huyo mkavu! Katoka Ngazija, kakaushwa na michango ya harusi kubwa!" Hata Fundi Madi alicheka, mzee mwenye kicheko cha kubana kama droo mpya. Mimi niliendelea kutazama. Wa Itsandra alikuwa wa kijivu, ana madoa ya mviringo yaliyoanza kufifia juu ya mabawa kama macho ya ziada, na vijinyuzi vya puani pake vimechanikachanika kama pindo la mkeka wa msikitini. Wa Mutsamudu alikuwa na rangi ya mchanga wenye kutu, hana madoa, vijinyuzi vyake vimenyooka. Wa Itsandra alitakiwa kuwa na safu ya miiba katikati ya mgongo, lakini wavuvi wa kule huinyoa kwa kisu wakiwa bado chomboni, kwa sababu samaki hubebwa kichwani hadi mjini na hakuna anayetaka kutoboka utosi. Ikishanyolewa miiba, na ngozi ikishakauka madoa yakafifia, macho hayana tena cha kushika. Baadaye nilipokausha nyama za wote wawili na kuzipika pamoja kwa nazi, hakuna mlaji aliyeweza kuzitenganisha.

"Sasa fumba macho," akasema Fundi. "Peleka kiganja kutoka mkiani kuja kichwani." Ngozi ya Itsandra ilinikamata kama tupa. Ya Mutsamudu ilinilamba kama ulimi wa paka. "Ya Itsandra ni ya mwanzo, mti ukiwa bado mkaidi. Ya hapa ni ya mwisho, kwenye nakshi. Ukizibadilisha zamu, umeharibu." Nilirudia mara ya pili, macho yamefumbwa, na ya tatu, naye hakuniharakisha. Sikumbuki mtu mwingine mwaka ule aliyenitazama nikifanya jambo bila kuniuliza nitaondoka lini.

Kitanda cha Zainaba kiliagizwa kwake. Bwana harusi, mseme mtakavyo, alikuwa mmoja wa wale wazungu, sajenti mwenye shingo nyekundu, aliyesilimu akapewa jina Abdulkarim. Mji ulinong'ona kisha ukazoea, kwa sababu mtu aliyeshika bunduki huzoeleka upesi. Kitanda kilifika kwa meli kikiwa vipande, kimechongwa maua na nusu mwezi kwenye ubao wa kichwani, ila hakikusuguliwa mara ya mwisho; Fundi alisema chumvi ya safari ingeufifisha mng'ao wake, nikisugue mwenyewe kikishasimama. Kikasimama katika chumba kipya cha bibi harusi. Ngozi zangu za aina zote mbili zilining'inia ukutani kwangu, za Mutsamudu misumari ya kushoto, za Itsandra kulia, na sikuona haja ya kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiingia chumba changu.

Waliingia siku hiyo. Nilikuwa sokoni. Ndugu za Bweni walikuwa wamekuja kutoka Ikoni na kwingineko kwa shughuli, na kwao ni jambo la baraka kila mwanamke wa ukoo atie mkono katika kitanda cha binti. Wakasikia kinangoja kusuguliwa, wakasikia ngozi ziko kwa Mbushi, wakazichukua zile kubwa kubwa nzuri, za Itsandra, wakaimba na kusugua nakshi kwa moyo wao wote. Niliporudi walinipokea kwa vigelegele, mikono imejaa vumbi la mti mpaka viwikoni. "Tumekusaidia!" Nusu mwezi ulikuwa umekuwa robo. Maua yalikuwa na mikwaruzo kama yamepitiwa na kuku.

Kisha Bweni Echati akaja. Aliuinamia ubao, akaugusa. Dada yake mkubwa, Ma Hadija, ndiye aliyeanza: "Hizo ngozi zake zina ila. Kitu cha watu wasiojulikana kinaingizwaje chumbani kwa mwali?" Bweni alimtazama dada yake, akanitazama mimi. Niliiona mizani ikisimama katikati. Ningesema walichukua ngozi za zamu ya mwanzo, ningekuwa na haki, na ningewaaibisha wanawake wote wa ukoo mbele ya bibi harusi. Mwenye haki ya namna hiyo hulala nje. "Kinatengenezeka, Bweni," nikasema. "Niachieni mimi."

Nilipanda meli ya kwanza. Fundi Madi alikuwa amevimba goti, hawezi kusafiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, miguu juu ya kigoda. "Mkwaruzo hauondolewi," akasema. "Mti ulioko pembeni yake ndio unateremshwa, pole pole, mpaka vilingane. Nusu mwezi utausogeza ndani kidogo kwa patasi hii. Hawatajua." Akanipa patasi, na ngozi zote laini alizokuwa nazo, kisha akatazama juu, kwenye dari. "Huko juu kuna chumba. Mke wangu anaweka nazi tu. Mkono wako unasikia, na mimi nazeeka. Ukimaliza, njoo ufanye kazi."

"Ahsante, Fundi. Mimi nina nyumba Moroni."

"Umepewa?"

"Nimeahidiwa."

"Haya," akasema, akarudi kwenye goti lake.

Nilifungiwa na kitanda kile hadi karibu na harusi. Nilisugua kuanzia alfajiri hadi mwanga ulipokwisha, na kupitia ukuta nilisikia nyumba nzima ikiishi: nani ametuma mchele hafifu, nani atakaa mbele, leso za sare zimefika au bado, maana wanawake wa nyumba wote huvaa leso za namna moja siku ile na mji huwatambua kwazo. Nilisikia Ma Hadija akiuliza, "Na yule je?" na Bweni akijibu, "Yule nimeshamfikiria." Mkono ulisugua kwa wepesi zaidi baada ya maneno hayo. Zainaba, ambaye kwa kuwa mwali hakutakiwa kutoka, alikaa sakafuni kunitazama, na siku moja bwana harusi mwenyewe alikuja dirishani, akaiona ngozi, akapiga kelele kama mtoto. Kwa maneno machache ya kwetu na mengi ya kwao alinieleza kuwa huko pwani ya kusini ya kwao walikuwa naye, malaika, na yeye akiwa mtoto bibi yake alikuwa akimpika kwa nyanya. Akaigeuza ngozi. Wao, alisema, alikuwa na madoa. Alikuwa mwingine. Kidole chake kikabaki juu ya ngozi, mtu mkubwa mwenye bastola kiunoni, na nikaona kwamba katika nyumba ile tulikuwa wawili. Bweni akatokea nyuma yake. "Mwanangu, usisimame juani," akamwambia, "njoo ule." Akaenda. Nikabaki mmoja.

Kitanda kilipona. Siku ya harusi Ma Hadija mwenyewe aliwaleta wanawake wa mji wakione, akapitisha kiganja juu ya nusu mwezi, akasema, "Tumekisugua wenyewe, sisi wa nyumba." Sikumpinga. Nilikuwa nimeoga, nimepaka usoni msindano, yaani liwa ya msandali, nangoja leso yangu. Leso zilipita mlangoni pangu zikiwa zimevaliwa, nyekundu na nyeupe zote, hadi kwa msichana wa jikoni aliyekuwa binti wa binamu wa nani sijui. Kisha Bweni akaja kwangu mwenyewe, siku ambayo hakuwa na nafasi hata ya kuketi, akaniwekea mapajani kitambaa cha hariri kilichotoka Unguja, kizuri kuliko leso zile zote zikiunganishwa. "Hiki ni chako peke yako," akasema. Nyuma yake wasichana wawili waliingiza sinia iliyofunikwa: wali, nyama ya mbavu, maziwa ya mgando yenye sukari, na kijiko kipya.

Msomaji wa bara huenda asione kitu hapo ila ukarimu. Basi nieleze. Siku ya harusi watu wa nyumba hawapakuliwi. Wanakula wamesimama au wamechuchumaa, kwenye ukoko wa sufuria, mikono mitano katika sahani moja, wakigombania mfupa. Mbavu, kijiko na sinia ya peke yake ni vya mgeni. Kupitia kidirisha niliwaona kando ya birika, wamevaa sare, wanachekana midomo ina mafuta, na katikati yao Abdulkarim amechuchumaa kwa shida, anakula ukoko kwa mkono, na Ma Hadija anampiga kofi la mgongo kwa sababu amechukua nyama kubwa.

Nilikula. Nilikula yote, kwa kijiko, kwa sababu chakula hakikuwa na kosa, na Bweni alikuwa ameketi karibu yangu kama mtu anavyomkalia mgeni, akinihimiza niongeze maziwa.

Zainaba aliniambia hapa Mombasa, akipapasa kitambaa cha meza kwa sababu macho yalikuwa bado na bandeji, kwamba mama yake aliulizia habari zangu hadi anakufa, kwamba alinipenda. Ninajua alinipenda. Alinipa kilicho bora alichokuwa nacho, na lau angenipa kilicho duni ningekaa pale mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilifunga ngozi zangu, za kushoto na za kulia. Bweni Echati alinikuta na furushi kichwani, hariri ile imekunjwa juu yake, akashika kizingiti cha chumba.

"Chumba ni chako, nilikwambia. Unakwenda wapi?"

"Mutsamudu, kwa Fundi Madi. Ana kazi."

"Nuriati. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, Bweni," nilimwambia. "Mmenikaribisha."

Alinisindikiza hadi gatini, mwendo wote amenishika mkono, kama desturi inavyotaka.